Shikamoo Iliyokosa Marahaba

Zaituni, binti wa jirani yangu hapa Kilosa, aliniletea shairi lake wiki iliyopita, na tangu siku hiyo sijatulia. Shairi lilikuwa zuri. Mizani ilikaa, vina vilikaa. Lakini kila ubeti ulianza na neno "labda".

"Labda hizi zote za nini?" nikamwuliza.

"Si ndiyo staili yako, Mzee Sele? Kila mtu anajua."

"Wewe una wasiwasi na nini?"

Akafikiri kidogo. "Sina wasiwasi na kitu."

Ndiyo maana nawaandikia, wewe Zaituni na wenzako mnaokuja kibarazani kwangu na mashairi yenu kwenye simu. Nimeacha kazi. Sauti imechakaa, na maikrofoni nimewakabidhi nyinyi. Kazi yangu ilikuwa kutunga na kusoma mashairi ya shughuli: harusi, kuwaaga wastaafu, kufungua zahanati, hata kampeni mara moja. Si kazi inayotajwa sana mtu akiulizwa anataka kuwa nani. Lakini imenilisha, na imeninyima usingizi kuliko kazi yoyote ninayoijua. Nikiwaza kwamba sasa mtu asiye na wasiwasi ananakili wasiwasi wangu, naona ni lazima niwaambie neno hilo nililipata wapi.

Nilimaliza chuo kikuu wakati wa mageuzi, serikali ilipokwisha kuacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walimaliza masomo na kazi ikawafuata nyumbani. Sisi tuliambiwa soko ni huria, kila mtu ajitafutie. Nikarudi Kilosa na cheti ndani ya bahasha ya kaki, nikawa namsaidia mama kuuza mitumba sokoni. Nilikuwa mtu wa kuwaza kila kitu mara mbili, kisha mara ya tatu kuhakikisha kama zile mbili zilitosha. Mteja akishika shati na kuliacha, mimi jioni nzima nauliza: kaliacha kwa sababu ya shati, au kwa sababu ya uso wangu?

"Sele," mama alikuwa akisema, "shati halina shida nawe. Likunje."

Siku moja nilinunua maandazi, yakafungwa kwenye kipande cha gazeti cha ukurasa wa mashairi. Nikasoma ubeti huu huku mafuta yakiula pembeni:

*Bibi harusi sikia, ndoa haitaki hila,*
*Mume akikukosea, umjibu kwa busara,*
*Nyumba hujengwa kwa nia, si kwa kutunza hasira,*
*Mkonge ukikauka, mwiba wake haulali.*

Chini yake: Mwiba wa Mkonge, Kilosa. Maandazi yakapoa. Kwanza kile kituo, ule mstari wa mwisho wa mwiba usiolala, kilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa silali. Pili, nikaona jambo. Hila, busara, hasira. La, ra, ra. Shuleni tulifundishwa kwamba kina kikiguswa hivyo, shairi limevunjika. Huyu mtunzi alikuwa amevunja makusudi, tena hadharani! Nikakaa na jambo hilo siku kadhaa mpaka nikawa na nadharia kamili: kwamba nchi imefungua milango, na mtunzi huyu amefungua milango ya vina. Soko huria la vina. Nikaanza kutunga hivyohivyo, la kwa ra, ra kwa la, nikijiona nimo ndani ya jambo kubwa. Nikajipa na jina: Mwiba Mdogo.

Kisha nikaenda kumtafuta mwenyewe.

Alikuwa mwanamke, naye alikaa karibu na stesheni. Jina lake Bi Salima. Nywele zake nyeupe alizipaka hina, na alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alizaliwa kambini Rudewa, baba yake akiwa amekuja kwa treni kutoka mbali kukata mkonge, na mashamba yalipoanza kufa yeye alikwishahamia mjini na jina lake kama mtunzi limeshaenea mpaka vijiji vya Ulaya na Mvumi. Hakuwa mtu wa kujishusha. Akialikwa kusoma, alitaka kiti chenye mgongo, maji kwenye glasi na si kikombe, na asitajwe baada ya bendi.

Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba ndefu yenye kuridhika, na hapo hapo nadharia yangu ikafa. Bi Salima hakuwa na R. Mdomoni mwake zote zilitoka L. Hila, busara na hasira kwake vilikuwa vina safi kama maji ya mtungini. Hakuwa amevunja kitu.

Mtaona maneno yake hapa nayaandika kama yanavyoandikwa vitabuni. Msinitake niyaigize. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mngedhani baada ya hapo ningeacha vile vina. Sikuacha. Nilikuwa nimeshatunga mashairi mengi kwa mtindo ule, na masikio yangu yalikwishazoea. Zaidi ya hayo, nilimpenda. Nilijiambia kwamba kurekebisha vina vyangu itakuwa kama kumwambia yeye amekosea. Mnaona mtu anavyoweza kuwaza jambo mpaka akalipotosha?

Alinipokea kama mwanafunzi kwa sharti la kwamba nibebe kipaza sauti chake. Alinifundisha kutunga kwa kutembea. Alikuwa akitembea juu ya reli, mataruma yaliyolazwa chini ya chuma yakiwa mizani yake: taruma moja, mizani moja, ya nane anasimama, anapumua, anaanza nusu ya pili ya mstari. Treni siku hizo zilikuwa chache na zilichelewa, kwa hiyo hatukuwa na hofu nazo. Yaani yeye hakuwa nayo. Mimi niligeuka nyuma kila mara.

"Msomi, treni haiji kimyakimya kama mwizi," alisema. "Tazama mbele."

Tatizo lilikuwa miguu yangu. Yeye alikuwa mfupi, hatua yake ililingana na taruma. Mimi ni mrefu. Nikifuata taruma mojamoja nilitembea kama mtu aliyefungwa kamba magotini, na nikitembea kwa hatua yangu niliruka taruma, na mistari ikapungua. Nikachagua kufungwa kamba. Mashairi yangu ya miaka ile ukiyasoma leo utaona: yanatembea kwa magoti ya mtu mwingine.

Alinifundisha na mengine ambayo bado ni ya kweli. Usile pilau kabla ya kusoma. Maikrofoni usiipulize, igonge kwa kucha. Kituo chako kijaribu mdomoni mwa adui kabla hujakitoa. Hili la mwisho sikulitilia maanani hadi nilipoandika shairi la kampeni, vyama vilipokuwa vingi. Mgombea wangu alikuwa mtu wa kile kijiji cha Ulaya, na kituo nilichompa kilikuwa "Huyu sote twamjua". Siku ya gulio, nimesimama juu ya meza nasoma, wa upande wa pili wakaja na baiskeli zao, na kila nilipofika kwenye kituo wakaitika wao kabla yangu: "Huyu sote twamjuaaa!" huku wanapiga kengele na kucheka mpaka wanashuka kwenye baiskeli. Kumbe kweli walimjua. Mgombea aliniambia nimpishe mezani.

Na alinifundisha hili: usimtaje mteja mpaka umeshakula pilau yake. Ukimtaja mapema, ananyakuliwa. Nililishika hili kuliko yote, kwa sababu kunyamaza mimi ni kipaji changu. Nalo ndilo lililotupeleka Mikumi, yeye kwa njia yake na mimi kwa yangu, bila mmoja kumwambia mwenzake.

Harusi ilikuwa ya mtoto wa Bwana Shabani, mwenye malori. Mikumi ilikuwa inachangamka wakati ule: nyumba za wageni zinaota kando ya barabara kuu, mabasi ya watu binafsi yanashindana, na kila mwenye nafasi alitaka harusi yake ichukuliwe video. Bwana Shabani alinifuata sokoni kwa mama.

"Wewe ndiye yule msomi wa mashairi?"

"Labda," nikasema.

"Labda nini? Ni wewe au si wewe?"

"Ni yeye," mama akajibu, "na shati hilo ulilolishika halikutoshi."

Aliniambia nisimame kwa upande wa bwana harusi. Upande wa bibi harusi, alisema, wana mama wao mmoja wa Kilosa atakayekujibu; wacheze kidogo, watu wafurahi. Mimi nilidhani mama wa Kilosa ni shangazi yeyote mwenye sauti. Sikuuliza. Na Bi Salima siku ile ile aliniambia ana safari, kipaza sauti hakihitajiki, kuna mashine huko. Sikuuliza pia. Adabu ya kazi.

Ukumbi ulikuwa ua wa nyumba ya wageni, umefunikwa kwa maturubai. Malori ya Bwana Shabani yalikuwa yamepangwa nje na kufungwa maua. Nyani wa Mikumi walikaa juu ya ukuta kama waalikwa waliokosa kadi. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi yangu nikaona, upande wa pili, kiti chenye mgongo. Na glasi ya maji. Na miwani ya jua.

Aliniona. Akanyanyua nyusi juu ya ile miwani, kisha akatabasamu na kunipungia kidole kimoja. Maana yake nilivyoielewa: hodari, umenyamaza. Alikuwa amefurahi, nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika na mambo mengi lakini na hili ninayo, na ndilo linaloniuma.

Nikaitwa. Nikagonga maikrofoni kwa kucha. Mwenye kamera akanisogelea, taa yake ikanipiga usoni. Nikaanza:

*Bwana harusi tulia, safari yataka dira,*
*Njia ya kuelekea, haipitiki kwa hila,*
*Mke akikulilia, usijibu kwa hasira...*

Sasa sikilizeni kwa makini. Haya mashairi nilikuwa nimeyatunga kwa masikio ya Bi Salima. Nyumbani niliyasoma moyoni, na moyoni yalifunga. Kwa sauti, mdomoni mwangu, dira na hila havifungi. Niliposikia mstari wa pili haukufunga, mwili uliogopa, na ulimi ukafanya wenyewe kitu pekee cha kuuokoa ubeti: ukatamka kama yeye. Nikasema hasira kwa L. Vina vikafunga. Nikapata nguvu. Ubeti wa pili nikauingia hivyohivyo, na ulimi ukishashika njia haurudi: harusi ikatoka kwa L, barabara ikatoka kwa L zote mbili, na hata furaha.

Ukumbi ukaanza kucheka.

Nilidhani wamefurahi. Nikaongeza sauti. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Sema reli! Sema reli ya Rudewa!" na meza yake nzima ikaangua kicheko. Hapo ndipo nikajua.

Nyinyi mmekua wakati mwingine, labda hamjui. Watoto wa kambini walipokuja kusoma na watoto wa mjini, waliwekwa katikati na kuambiwa hivyo: sema reli ya Rudewa. Wakashindwa, wakachekwa, hadi wengine wakaacha kusema darasani kabisa. Kila mtu pale Mikumi aliyetoka pande za Kilosa aliujua mchezo huo. Na kila mtu alimjua Bi Salima. Walichokiona ni kijana msomi, mwanafunzi wake, amesimama mbele ya harusi anamwigiza mwalimu wake mdomo ili watu wacheke. Ningekuwa mimi nimekaa pale, ningeona hivyohivyo.

Nikakatiza katikati ya ubeti. Bi Salima alikuwa ameshasimama. Alipewa maikrofoni. Hakuigonga. Alingoja hadi kicheko kikaisha chenyewe, akanitazama, akainamisha kichwa kidogo kama mtoto mbele ya mtu mzima, akasema:

"Shikamoo, mwalimu."

Hata nyani juu ya ukuta nadhani walinigeukia.

Mtu wa umri wa bibi yangu amenipa shikamoo mbele ya watu na kamera. Niliwaza, na mnajua ninavyowaza. Nikisema marahaba, nimeipokea. Nimekubali kwamba mimi ndiye mkubwa wake, na hakuna ukoo wa Kilosa utakaonifungulia mlango. Nikinyamaza, nimeiacha salamu ya mtu mzima ining'inie hewani. Nikimrudishia shikamoo, nitaonekana naendelea na utani. Niligeuza hayo matatu kichwani huku maikrofoni iko mdomoni, na mdomo, ambao siku ile ulikuwa na kazi zake wenyewe, ukasema:

"Asante."

Sitawaeleza kicheko kilichofuata. Bi Salima alikaa, akanywa maji yake, na shairi la bibi harusi halikusomwa kamwe. Watu wa upande wake waliondoka nalo kama deni.

Video ile haikukaa kabatini kwa Bwana Shabani. Ilifika kwenye banda la video pale Mikumi, ikaonyeshwa kabla ya picha za ngumi, na kwa muda mrefu sikuweza kushuka basi pale bila vijana wa karanga kuniita, "Asante! Asante, chukua karanga!" Hilo nililistahimili. Nisilolistahimili lilikuwa Kilosa.

Nilikwenda kwa Bi Salima kesho yake. Nikasimama mlangoni. "Shikamoo, Bi Salima."

"Karibu kiti," akasema.

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikakaa. Nikamweleza yote: masikio, ulimi, gazeti la maandazi, hata ile nadharia ya soko huria. Alisikiliza huku anachambua mchele.

"Ndiyo," akasema mwishoni. "Mambo ya wasomi ni mazito."

Siku iliyofuata: "Shikamoo, Bi Salima." "Za toka jana?" Siku nyingine: "Shikamoo." "Umekuja na jua kali." Alinipa kiti, alinipa maji, aliniuliza hali ya mama. Neno moja tu alilizuia. Kwa mgeni aliyepita njia mtu angedhani mambo ni mazuri. Lakini mnajua kwetu: shikamoo isiyoitikiwa haijafika. Unaingia nyumbani kwa mtu kila siku na bado uko nje.

"Mpe muda," mama alisema.

"Muda gani, mama?"

"Ungekuwa na bei ningekununulia."

Nikarudi kwenye dawa ninayoijua mimi: kuwaza. Nikaona nitatunga shairi la kumwomba radhi, lisilo na L wala R hata moja, ili mdomoni mwake na mdomoni mwangu litoke sawasawa, na hakuna wa kucheka. Kazi ile ilinitoa jasho. Jaribuni wenyewe. Hata kusema "samahani Bi Salima" huwezi, jina lake linakataa. Na neno lenyewe nililokuwa nalililia, marahaba, lina R katikati, ilinibidi nilizunguke.

*Bibi nimekukosea, sikutaka kukucheka,*
*Nimekaa nangojea, neno moja kuitika...*

Nikamsomea beti zote. Akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Shairi limekonda," akasema. "Lina ugonjwa gani?"

Nikamweleza, tena kwa fahari: hakuna L, hakuna R, popote.

Akavua miwani. Mara ya kwanza kumwona macho. Yalikuwa madogo na mekundu. "Kwa hiyo umekaa siku zote hizi unauzunguka mdomo wangu kama watu wanavyozunguka shimo la choo."

"Hapana, Bibi, mimi nilitaka..."

"Kule Rudewa walinishika mikono niseme reli. Sikuweza. Nikaapa nitatunga, na watu watakaa kimya wanisikilize hivihivi nilivyo. Wamekaa kimya miaka mingi. Wewe kwanza ulinifanya nichekwe na watu, sasa umekuja kunisaidia ninyamaze. Katika hayo mawili, hili la pili ndilo baya."

Akausukuma kando ungo wake wa mchele.

"Lisome lile langu la hila. Lisome kwa mdomo uliozaliwa nao."

Nikasoma. Hila. Busara. Hasira. Mdomoni mwangu vilianguka kimoja hapa, viwili kule.

"Limefunga?"

"Halijafunga."

"Kwangu linafunga. Basi ni la nani?"

"Lako."

"La kwako liko wapi?"

"Labda bado," nikasema. "Labda sina. Labda kama ningekuwa..."

"Labda, labda!" Alirudisha miwani. "Tangu nikujue, neno lako mwenyewe ni hilo moja tu. Mengine yote umeokota hapa kwangu. Nenda kanitazamie mama yako."

Nilitoka pale nikijua mlango umefungwa. Nikatembea kwenye reli kurudi nyumbani, na kwa kuwa sikuwa natunga kitu, nilitembea kwa hatua yangu, ndefu, nikiruka mataruma. Huku najiuliza: labda amenifukuza. Labda amenionya. Labda yote mawili. Na hatua zikawa zinaangukia kwenye hilo neno. Nikasimama. Nikageuka nyuma kutazama treni, kama kawaida, kisha nikaendelea.

Neno lenyewe lina kasoro yake. Wapo watakaolihesabu mizani mbili, wapo watakaolihesabu tatu. Hata mizani yake haina hakika. Mimi nalihesabu tatu, na hadi leo nikilihesabu naogopa kidogo.

Baada ya mavuno nikaalikwa Mvumi, harusi ya wakulima, haina kamera wala maturubai. Nilipofika nikaona kiti chenye mgongo. Alikuwa amealikwa kama mgeni, hasomi. Nilikuwa nimekwisha kula pilau kwa hofu, kinyume cha kanuni. Nikasimama, nikasoma kwa mdomo uliozaliwa Kilosa kwa mama muuza mitumba:

*Labda njia ni ndefu, labda hatua fupi,*
*Mkiingiwa na hofu, ulizaneni ni wapi...*

Watu walianza kucheka, nikajua ni Mikumi tena. Lakini kilikuwa kicheko kingine. Bwana harusi alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyetajwa jina. Mzee mmoja akaniitika, "Labda kweli!" na kila ubeti wakaitika hivyo. Sikuthubutu kutazama kwenye kile kiti hata mara moja. Nilisoma hadi mwisho nikiwa nimekitazama kikapu cha mihogo.

Kesho yake asubuhi wageni tulikuwa barabarani tunangoja gari la kwenda mjini. Bi Salima amekaa juu ya begi lake, miwani usoni. Nilikuwa nimeshazoea kutoitikiwa. Nilisalimia kama mtu anavyobisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu.

"Shikamoo, Bi Salima."

Alitazama barabara upande ambao gari halitokei.

"Kijana gani," akasema, "hana hakika hata na ndoa ya watu." Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akanigeukia.

"Labda marahaba."

Gari likaja, nikambebea begi. Tuliendelea kusoma pamoja hadi alipofariki, na kila siku niliyompa shikamoo alinijibu hivyohivyo, na sikupata kujua kama ile labda alikuwa ananitania au anaibakiza makusudi. Nimeiwaza sana. Naiwaza na sasa.

Kwa hiyo, Zaituni, ukija kesho na shikamoo yako nitakuitikia marahaba nzima, haraka, kabla hujavua viatu. Halafu utanisomea shairi lako kwa sauti, nami nitasikiliza pale linapokataa kufunga mdomoni mwako. Hapo ndipo tutaanza kazi. Lakini zile labda zifute. Wewe huna wasiwasi na kitu, umesema mwenyewe. Hizo niachie mimi. Ndiyo marahaba niliyoipata.